Nachituti wa Ziwa Mweru: mama aliyelipia kisasi cha mwanawe kwa nchi na maji

Alikabidhi kikapu cha udongo na kibuyu cha maji, na kwa vitu hivyo viwili ziwa likapata mwenyewe mpya. Zaidi ya karne mbili baadaye, jina la Nachituti, dada wa chifu Nkuba, bado hutajwa panapozuka swali la nani mwenye haki juu ya Mweru.

Ziwa Mweru liko mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Linapokea Mto Luapula kutoka kusini na Mto Kalungwishi kutoka mashariki, na maji yake hutoka kwa Mto Luvua pale Pweto, upande wa Kongo. Katika ukingo wa Zambia uko mji wa Nchelenge, na jirani yake Kashikishi, penye soko la samaki na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo. Mbele yake, majini, viko visiwa vya Isokwe na Kilwa. Jina hilo la pili humshtua kidogo mtu wa pwani anapolisikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa yeye ana Kilwa yake.

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaolijua ziwa hili wamelijua kwa njia ya mateso. Kuanzia mwaka 2017, machafuko katika majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongomani kuvuka mpaka, na mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge ili kuwapokea. Waliofika hapo walikuta nchi yenye hadithi yake ya kale kuhusu damu, kuhusu mama aliyetoka kwao kwenda kuomba msaada kwa mtawala wa kigeni, na kuhusu bei ya msaada huo.

Fasihi ya giza ina sura nyingi. Huko Ulaya, wasomaji wamezoea kuihusisha na magofu ya ngome, makaburi, pepo na usiku wa mvua. Walitazama nyuma, kwenye visasili vya Ugiriki na ngano za wazee wao, wakachukua humo vitisho vya kale na kuvipa mavazi mapya. Riwaya ya Horace Walpole iitwayo The Castle of Otranto, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa utanzu huo wa kutisha, ilitoka London mwaka 1764. Katika karne hiyo hiyo ya 18, bila ngome wala mnara, ukingoni mwa Mweru kulikuwa kunatokea mkasa ambao Walpole asingethubutu kuuandika. Haukuandikwa. Ulisimuliwa, ukaimbwa, na ukaingia katika sheria za nchi.

Mapokeo ya Walunda wa Kazembe yanamweka Nachituti katika enzi ambayo watawala wao wa mwanzo walikuwa wakijenga dola bondeni Luapula. Yeye mwenyewe hakuwa Mlunda. Alikuwa Mshila, mmoja wa watu wa ziwa, wavuvi waliotangulia kukaa visiwani na kando ya maji kabla ya Walunda kufika kutoka magharibi. Kaka yake alikuwa Nkuba, mkuu wa Washila. Katika lugha ya huko, inayokaribiana sana na Kibemba, neno hilo la Nkuba ndilo pia jina la radi, na hadithi haikuliacha lipite bure: huyu alikuwa mtu ambaye hasira yake ilipiga bila onyo.

Ili kuelewa uzito wa kilichofuata, lazima kwanza kueleweka jambo moja kuhusu ukoo. Miongoni mwa Washila, kama ilivyo kwa watu wengi wa bonde hilo, ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto wa mwanamume si wa ukoo wa baba yake. Wa ukoo wake ni mtoto wa dada yake. Cheo hakiendi kwa mwana, huenda kwa ndugu au kwa mpwa. Basi dada wa chifu si jamaa wa pembeni. Ndiye mlango ambao ukoo wote unapitia ili uendelee kuwapo. Mwana wa Nachituti alikuwa mpwa wa Nkuba, na kwa desturi hiyo alikuwa mmoja wa wale ambao siku moja wangeweza kuketi mahali pa mjomba wao.

Kijana huyo alishikwa na kosa la kutembea na mke wa mjomba wake. Kosa lilikuwa kubwa, na hakuna msimulizi anayejaribu kulipunguza. Lakini desturi za bonde hilo, kama za majirani zake, zilijua njia za kulipa makosa ya namna hiyo: fidia, kufukuzwa, aibu mbele ya wazee. Nkuba hakuchukua hata moja kati ya njia hizo. Alimuua mpwa wake. Kisha akaamuru achunwe ngozi, na ngozi hiyo ikatandikwa mahali pa kukalia.

Hapo ndipo hadithi hii inapoziacha mbali ngano za kawaida za kutisha. Katika ngano, muuaji huficha. Huzika mifupa chini ya mti, hutupa maiti mtoni, husema mtoto amepotea porini. Kisha ndege huimba, au mfupa hugeuzwa filimbi, na siri hutoka kwa wimbo. Wajerumani wanayo ngano ya namna hiyo katika mkusanyo wa ndugu Grimm, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1812, na wasimulizi wa Kibantu wanazo nyingi, zenye kiitikio ambacho watoto huimba pamoja na bibi. Nkuba hakuzika kitu. Alikifanya kifo cha mpwa wake kuwa tandiko. Kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu aliyeingia barazani, na kwa sababu hiyo hiyo hakikuonekana.

Wazee wa dunia walikuwa na hadithi zinazofanana na hii. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya tano kabla ya Kristo, anasimulia jinsi mfalme Cambyses wa Uajemi alivyomchuna hakimu mla rushwa aliyeitwa Sisamnes, akafunika kwa ngozi yake kiti cha hukumu, kisha akamweka Otanes, mwana wa marehemu, aketi juu yake na kuhukumu. Wagiriki walikuwa pia na kisasili cha Marsyas, mpiga zumari aliyethubutu kushindana na mungu Apollo, akashindwa na kuchunwa akiwa hai. Visa hivyo viwili vina mafunzo yake: hakimu ajue rushwa inaishia wapi, na binadamu asijipime na miungu. Ngozi ya Mweru haikuwa na funzo. Haikumwonya mtu yeyote, kwa kuwa haikutangazwa. Ilikuwa furaha ya siri ya mtu mwenye nguvu, na labda ndiyo sababu inatisha zaidi ya zile mbili.

Kisha Nachituti akajua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na masimulizi ya Luapula hayapotezi maneno mengi kuueleza. Yanakwenda moja kwa moja kwenye kitendo. Mama huyo alikuwa na njia chache. Kwa desturi, mwanamke aliyedhulumiwa hukimbilia kwa wanaume wa ukoo wake: kwa mjomba na kwa kaka. Lakini kaka ndiye aliyekuwa muuaji. Mlinzi wake kwa haki ya damu ndiye aliyemwaga damu hiyo. Ndani ya ukoo wa Washila hapakuwa na mtu aliye juu ya Nkuba wa kumsikiliza. Basi akatoka nje ya ukoo. Akaenda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, mgeni mwenye jeshi.

Mwata hakuwa na sababu ya kukataa. Walunda walikuwa wameanza kuenea bondeni wakitokea nchi ya Mwata Yamvo, katika eneo ambalo leo ni Kongo ya kusini, wakitafuta ardhi, shaba na chumvi. Walikuwa mabingwa wa vita vya nchi kavu. Ziwa na visiwa vyake vilikuwa jambo jingine. Hapo mwenye mtumbwi na mwenye kujua mikondo ndiye mfalme. Nachituti aliwaletea kitu ambacho majeshi pekee yasingeweza kukipata kwa urahisi, yaani sababu. Aliyevamia nchi ya watu angeitwa mnyang'anyi. Aliyekuja kwa mwaliko wa dada wa chifu, kulipiza damu ya mtoto, alikuwa mtenda haki.

Mashujaa wa Kilunda walitumwa. Nkuba alisakwa, akapatikana, akakatwa kichwa, na kichwa kikaletwa kuwa ushahidi kwamba ahadi imetimizwa. Nachituti naye akatimiza upande wake. Akachota udongo kikapuni, akateka maji kwenye kibuyu, akampa Mwata Kazembe vyote viwili. Udongo ulikuwa nchi yote ya kaka yake. Maji yalikuwa ziwa lote, na mito, na vidimbwi ambamo samaki huzaliana.

Mapokeo yanayojulikana zaidi humwacha papo hapo, mikono mitupu mbele ya kiti cha mtawala. Kazi yake katika hadithi imekwisha. Mtu aliyeanza kama mama anamalizika kama hati ya umiliki.

Jambo hilo si la bahati mbaya, na ndilo linalomfanya msomaji makini arudi tena kwenye hadithi nzima na kuiuliza imesimuliwa na nani. Waliobaki kuisimulia kwa sauti kubwa walikuwa Walunda, waliopewa. Hadithi iliwafaa. Kila mtawala mpya aliyekuja kutoka ikulu ya Kazembe kuwatawala wavuvi aliweza kusema kwamba hakuiteka nchi hii. Alikabidhiwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa binti wa papa hapa. Hata hivyo, ili zawadi iwe halali, ilibidi kosa la Nkuba lisimuliwe kikamilifu, pamoja na ngozi, pamoja na tandiko, pamoja na mama. Washindi walilazimika kuuhifadhi uchungu wake ili wahifadhi haki yao. Laiti wangeukata, udongo na maji vingebaki udongo na maji tu.

Walunda wenyewe hawakuwa wageni wa giza. Asili ya cheo chao cha Kazembe, kwa mapokeo yao, ni kifo cha maji. Ndugu wawili, Chinyanta na Kasombola, walifichua habari za machimbo ya chumvi ambazo mkubwa wao Mutanda hakutaka zijulikane, naye akawatosa mtoni. Mwana wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, ndiye aliyepewa cheo cha Kazembe baada ya msiba huo. Basi dola lililoanza kwa baba aliyetoswa lilipata ziwa lake kwa mwana aliyechunwa. Sifa za wafalme hao, zinazotamkwa na malenga wa ikulu na kupigwa kwa ngoma zinazosema, zimejaa vita, vifo na majigambo ya kuvuka mito iliyokataa kuvukwa. Zimehifadhiwa katika lugha ya kale yenye Kiluba na Kilunda ndani yake, ambayo mwananchi wa kawaida wa Luapula, mzungumzaji wa lahaja ya Kibemba, haielewi vizuri. Mwaka 1962 Jacques Chileya Chiwale alichapisha mkusanyo wa sifa hizo pamoja na majina ya utukufu ya watawala. Ni ushairi wa giza kwa maana mbili: giza la yanayosemwa, na giza la lugha yenyewe, ambayo msikilizaji huihisi kifuani kabla ya kuijua maana.

Wageni waliofika ikulu hiyo waliacha picha zinazoshabihiana na ushairi huo. Mreno Lacerda alifika nchi ya Kazembe mwaka 1798 akafia huko. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru mnamo Novemba 1867, kisha akafika mji wa Mwata Kazembe wa wakati huo, akakuta lango lililopambwa kwa mafuvu ya binadamu, na akamwona mnyongaji akiwa na upanga mpana na mkasi wa kukatia masikio. Mjini humo alimkuta pia mfanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi bila ruhusa ya kuondoka. Kiswahili, kwa hiyo, kilifika ukingoni mwa Mweru mapema, kikiwa lugha ya pembe, shaba na watumwa, na kilisikika katika ua huo huo wenye mafuvu. Huyo ndiye aina ya mtawala ambaye Nachituti alimwendea. Hakumwendea mtu mpole.

Watu wa pwani hawatashangaa kuona uchungu wa mama na maji vikikutana katika kisakale kimoja. Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 kutokana na mapokeo ya zamani zaidi, una tukio linalokaribiana. Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, aliyenunuliwa na sultani wa Pate. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anakufa akiwa hivyo, na mji mzima unakosa maji kwa kuogopa maiti ambayo bado inaonekana hai. Mama yake ndiye anayeombwa aende kumbembeleza kwa maneno. Huko pwani, mwana anamuua baba na mama anaachwa akiimba mbele ya maji yaliyofungwa. Huko Mweru, mjomba anamuua mpwa na mama anayafungua maji kwa mgeni. Na katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, akawaita wenyewe wa jana waliokwisha kuwa mavumbi. Ushairi wa Kiswahili haukuhitaji kuazima makaburi ya mtu. Ulikuwa nayo ya kwake, kama bonde la Luapula lilivyokuwa na ngozi yake.

Tofauti iko hapa: Al-Inkishafi humalizikia kwenye nafsi, ikiitwa itubu. Hadithi ya Nachituti humalizikia kwenye mali.

Mali hiyo imegombaniwa tangu hapo. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikamilisha mkataba wa mipaka, na Luapula pamoja na Mweru vikawa mstari kati ya himaya mbili. Ziwa lililotolewa kwa kibuyu kimoja likagawanywa kwa kalamu moja. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta wana serikali mbili, kodi mbili, na baadaye lugha mbili za ofisini, Kiingereza upande huu na Kifaransa upande ule, huku sokoni Kibemba na Kiswahili vikiendelea kuuza samaki kama zamani. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuteketeza mji wa Kazembe. Lakini watawala wa kikoloni walihitaji machifu wa kutawala kupitia kwao, na Mwata alirudi kuwa mamlaka yenye kutambuliwa. Alipotakiwa kueleza haki yake juu ya maji, jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa zamani, na ndani yake alikuwamo mwanamke.

Samaki walikuwa wameanza kuwa na thamani ambayo Nachituti asingeweza kuifikiria. Migodi ya shaba ya Katanga ilihitaji chakula kwa wafanyakazi wake. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, kwenye ukingo wa Luapula upande wa Kongo, walinunua samaki kwa mashua na kuwasafirisha kwa barafu hadi Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, alivuliwa njiani, akiwa na mayai tumboni, mpaka kufikia katikati ya karne ya 20 akawa adimu. Wazee wanaojua kusoma ishara waliona humo mfano wa hadithi ya kale: ziwa lililopatikana kwa kuuawa mtoto lilikuwa linaua watoto wake.

Mwata Kazembe wa 14, Shadreck Chinyanta Nankula, ndiye aliyeyaweka mapokeo ya Walunda katika kitabu kwa Kibemba. Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani wahenga wangu na watu wangu, kilichapishwa mwaka 1951. Alibeba jina la yule ndugu wa kwanza aliyetoswa mtoni, na kwa desturi ya bonde hilo jina si pambo. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula kati ya mwaka 1948 na 1951 na ambaye baadaye alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, alieleza jambo hilo kwa kina. Mtu anapokufa, mrithi wake huchukua jina lake, cheo chake na udugu wake wote. Aliyekuwa kaka wa marehemu huwa kaka wa mrithi, hata kama mrithi ni kijana wa miaka 20. Na mrithi anaposimulia mambo ya aliyemtangulia, hata kama yametokea karne mbili zilizopita, husema mimi. Mimi nilivuka mto. Mimi nilipigana. Mimi nilipewa nchi.

Desturi hiyo hubadilisha kabisa namna ya kusikia kisakale cha kutisha. Msomaji wa riwaya za giza huko Ulaya huogopa kwa usalama. Aliyekufa ni mwingine, na zamani ni zamani. Bondeni Luapula, anayesimulia husimama ndani ya tukio. Mlunda mwenye cheo cha shujaa wa enzi hiyo anaweza kusema kwamba yeye ndiye aliyemkata Nkuba kichwa, na Mshila mwenye cheo cha kurithi anayemsikiliza ni ndugu wa aliyekatwa. Wanaweza kuwa wameketi kwenye benchi moja, wakinywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja. Pengine hilo ndilo lililowazuia watu wa huko kuigeuza hadithi hii kuwa burudani tupu.

Washila hawakufutika. Cunnison aliona kwamba Walunda walitawala, lakini mambo ya ardhi na maji yenyewe, tambiko za kuomba samaki na ruhusa ya kuanza msimu, yaliendelea kuwa mikononi mwa wenye nchi wa asili. Mwata alipewa ziwa. Hakupewa masikio ya mizimu yake. Katika vidimbwi na visiwa vingi, mtawala wa Kilunda alihitaji mtu wa kale asimame kando yake na kuzungumza na wasioonekana. Kibuyu, inaonekana, hakikuchota kila kitu.

Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, Mwansabombwe hujaa watu kwa sherehe ya Mutomboko, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 imekuwa ikifanyika kwa mpango wa kila mwaka. Mwata Kazembe hupakwa unga wa rangi, hutoa chakula na kinywaji kwenye maji ya mto Ng'ona kwa ajili ya wahenga waliotoswa, kisha hubebwa hadharani. Jioni hucheza ngoma ya ushindi akiwa na shoka na upanga mikononi, huku ngoma zikitamka sifa ambazo wengi waliohudhuria hawazielewi. Wanasiasa huja kutoka Lusaka, wageni huvuka kutoka Kongo, na vijana hupiga picha kwa simu. Ni ngoma ya waliopokea. Aliyetoa hana ngoma yake.

Kwa sheria ya Zambia, uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo, soko la Kashikishi hupungua kelele, nyavu huanikwa na kushonwa, na mitumbwi hulala mchangani. Ng'ambo, taa za wavuvi zinapoonekana usiku upande wa Kongo, wavuvi wa Nchelenge hulalamika kwamba ziwa ni moja na samaki hawajui mpaka. Ndipo mzee mmoja huwakumbusha vijana ziwa hili lilitoka kwa nani, na kwa sababu ya ngozi ya nani.